Kupiga gari yako picha kali kwa simu tu

Kama unataka kuuza Toyota IST yako hapo Dar, au unataka tu picha nzuri ya gari unayoipenda, kwanza ioshe na uikaushe vizuri maana matone yakikaukia kwenye boneti yanaacha madoa na kamera inayaona yote. Halafu achana kabisa na jua la saa 7 mchana, rangi inafifia na chini ya bampa panakuwa giza tupu, subiri saa 11 jioni au toka asubuhi mapema, mwanga uko chini na laini.

Watu wengi wanakosea hapa, wanasimama karibu na gari wanapiga kwa urefu wao. Chuchumaa mpaka simu iwe usawa wa taa za mbele, rudi nyuma hatua kadhaa kisha zumu mara 2, ukiwa karibu sana pua ya gari inavimba. Piga kutokea kona ya mbele, usukani ukate ili uso wa rimu uangalie kamera, siyo kashata za tairi, yaani sehemu inayokanyaga barabara.

Gari nyeusi ni kioo, angalia kwenye mlango kama huonekani wewe, kama unaonekana sogea pembeni kidogo. Cheki na nyuma pia, nguzo ya umeme isiote juu ya paa.

Ndani piga gari ikiwa kivulini, washa swichi kilomita zisomeke. Na mikwaruzo ipige kwa karibu jamani, mnunuzi ataiona tu akija.