Kabla hujaagiza oksijeni ya kopo mtandaoni, soma malalamiko ya wateja afu piga hesabu ya lita

Fungua ukurasa wowote unaouza haya makopo ya oksijeni, yale mepesi yenye kimaski cha plastiki juu, ushuke kwenye maoni ya wateja. Utakuta mmoja kaweka nyota tano anasema kajisikia mtu mpya, chini yake tu mwingine kaweka nyota moja anasema kauziwa kopo tupu, na bidhaa ni ileile. Na usikimbilie kusema mmoja wao muongo, wengi wanaolalamika walipata kabisa kilichoandikwa kwenye tangazo, ila walikuwa wanategemea kitu kingine. Kwa hiyo anza na zile za nyota moja mpaka tatu, za nyota tano zipitie tu, "nzuri sana asante" haikusaidii chochote.

Lalamiko namba moja ni hilo la kopo tupu. Mtu anafungua boksi, analishika kopo, jepesi kama halina kitu, anawaka. Sasa oksijeni ni gesi jamani, lita 10 zote zina uzito wa kama gramu 13 tu, yani hata likijaa pomoni mkono hauwezi kujua. Chukua mzani wa jikoni wa dijitali, pima siku linapofika kabla hujabonyeza hata mara moja, andika namba au piga picha. Ukiagiza mawili ya saizi moja ndo vizuri zaidi, maana yakipishana kwa gramu nane au kumi ujue kuna moja limevuja njiani, na hapo una ushahidi wa kumpelekea muuzaji. Likiisha pima tena, tofauti ndo gesi uliyopata.

Lalamiko la pili ni "limeisha haraka", na hapa ndo pa kukaa na kalkuleta kabla hujalipa. Kopo la lita 10 huwa linatangazwa kwamba linatoa kama pumzi 200, za sekunde moja moja. Inasikika nyingi eeh? Mtu mzima akiwa ametulia anapumua mara 12 mpaka 20 kwa dakika, tuseme 15, kwa hiyo ukibonyeza kila unapovuta hewa kopo zima linakata kama dakika 13 tu. Na gawanya lita 10 kwa 200, kila mbonyezo ni mililita 50, wakati pumzi moja ya kawaida ni kama mililita 500, yani hizo 50 zinaenda kuchanganyika na hewa ya kawaida ambayo tayari ina oksijeni asilimia 21. Ukipiga hesabu unapata kwamba pumzi hiyo imepanda kutoka asilimia 21 mpaka kama 28. Sio 95 kama kopo linavyojitangaza, hiyo 95 ni ya kilichomo ndani ya kopo, sio ya kinachofika kwenye mapafu yako. Ndo maana mi nikiona mtu anaongeza hela eti anunue la asilimia 99 badala ya 95 nashangaa, kwa hesabu hiyohiyo unaongeza hata asilimia moja haifiki.

Kwa hiyo unapolinganisha bidhaa angalia lita za gesi, sio urefu wa kopo wala picha ya mtu anakimbia mlimani. Na uwe makini, wauzaji wengine wanaandika mililita na hizo ni ujazo wa kopo lenyewe, haikuambii gesi iliyoshindiliwa ndani ni kiasi gani. Kama lita za gesi hazijaandikwa popote, uliza kwa meseji kabla ya kulipa, asipojibu au akizunguka zunguka achana naye.

Halafu jiulize unalitaka la nini, na hapa niseme wazi kabisa. Mgonjwa anayetumia oksijeni ya hospitali anaweza kupewa lita 2 kila dakika, mfululizo, saa nzima, usiku kucha. Kopo la lita 10 kwa mwendo huo ni dakika 5. Basi. Kama kuna mtu nyumbani anahitaji oksijeni kweli, anachohitaji ni mtungi au ile mashine inayochuja oksijeni kutoka kwenye hewa, na daktari wa kumpangia kiasi, kwa sababu wapo wagonjwa wa mapafu wa muda mrefu ambao oksijeni ikizidi inawadhuru, kabondayoksaidi inajaa kwenye damu. Mtu anabanwa kifua, midomo imekuwa ya bluu, hawezi kumaliza sentensi bila kuhema, huyo anakwenda hospitali sasa hivi, usianze kumtafutia kopo. Marekani kwa mfano oksijeni ya matibabu inahesabika kama dawa, inatolewa kwa cheti cha daktari, haya makopo yanauzwa bila cheti kwa vile hayajaidhinishwa kutibu ugonjwa wowote. Kwa hiyo ukikuta tangazo linasema linatibu pumu au nimonia, hapo hapo funga ukurasa, muuzaji wa hivyo hata hizo lita kaandika anavyojisikia.

Na wale wa mazoezi? Mtu mwenye afya ukimpima na kile kifaa cha kubana kidoleni unakuta damu yake imebeba oksijeni asilimia 95 mpaka 100 ya inayoweza kubeba tayari, nafasi ya kuongeza ni ndogo sana. Mtu anaweza kujisikia vizuri, sibishi, kukaa chini ukavuta pumzi ndefu kumi taratibu kunatuliza hata bila kopo. Wa milimani nao, kuanzia mita 2,500 hivi kichwa kinaweza kuanza kuuma na kichefuchefu, kopo linakupa nafuu ya dakika chache afu linaisha na wewe bado uko kulekule juu. Dalili zikizidi dawa ni kushuka.

Kama bado unalitaka, sawa, agiza, lakini soma kwanza masharti ya kurudisha. Hii ni gesi iliyoshindiliwa, kwenye usafirishaji inaingia kundi la mizigo ya hatari, kwa hiyo wauzaji wengi hawakubali kurudishiwa kopo hata kama bovu, wanakupa jipya au hela yako kwa kuangalia picha na video. Sasa kama hujarekodi wakati unafungua boksi utawaambia nini? Rekodi kuanzia gundi haijakatwa, onyesha kifuniko, kimaski, sehemu ya kubonyeza, kama kuna kubonyea au kupasuka, afu mzani. Bonyeza mara moja usikie "fsss". Malalamiko mengine mengi ni hayo hayo, kimaski kimevunjika njiani au kibonyezo kimekwama kikawa kinavujisha chenyewe. Pia usitegemee lifike haraka kama simu, mara nyingi linapita barabarani au kwa meli, na kama unapanga safari jua kwamba kwenye ndege ya abiria huruhusiwi kubeba, si mkononi si kwenye begi la chini. Wateja kibao wamenyang'anywa uwanja wa ndege wakaja kumshushia muuzaji nyota.

Yale yenye harufu ya minti sijui mikaratusi mi ningeyaruka, hasa kama kifua chako kinakereka na manukato.

Kutumia ni rahisi, weka kimaski puani na mdomoni, anza kuvuta hewa ndo ubonyeze, sio ubonyeze kwanza, hapo nusu inaishia hewani. Usiwe karibu na sigara, jiko wala mshumaa, na uso usiwe na mafuta ya mgando, oksijeni yenyewe haiwaki lakini inafanya kila kinachowaka kiwake kwa hasira. Usiliache kwenye gari juani, mengi yameandikwa lisipite nyuzi joto 50. Likiisha bonyeza mpaka pumzi ya mwisho, usilitoboe wala usilitupe kwenye moto.

Na ukirudi kuandika maoni yako, andika saizi, umebonyeza mara ngapi, gramu kabla na baada, ulilitumia kwa kazi gani.