Meza na meza: namna ya kufuatilia asili ya neno lenye maana mbili

Huu ni utaratibu ninaowafundisha wanafunzi wangu wa Kiswahili hapa Malindi, ili wapambanue kama umbo moja linabeba neno moja au mawili. Mfano wetu ni meza.

Hatua ya kwanza ni kutunga sentensi: "Mtoto amemeza mwiba wa samaki changu" na "Mchuuzi amepanga changu juu ya meza."

Hatua ya pili, linyambue neno. Kitenzi huzaa mezwa, mezea na mezesha, ilhali nomino hufuata upatanisho wa I-ZI (meza hii imevunjika, meza hizi zimevunjika). Usikate shauri hapa, kwa kuwa sarufi peke yake hudanganya: twasema ndege huyu ametua mwembeni na ndege hii imetua uwanjani, nalo ni neno lile lile, lililopanuliwa kutoka kiumbe hadi chombo.

Hatua ya tatu, tafuta jamaa zake. Kichewa kina kumeza, Kishona kumedza na Kiganda okumira, zote kwa maana ya kupitisha kitu kooni. Kitenzi chetu, basi, ni urithi wa Kibantu.

Nomino haina jamaa wa namna hiyo, kwa hiyo hatua ya nne, iliyo nzito kuliko zote, ni kuuliza nani alipita bandarini. Vasco da Gama alifika Malindi mwaka 1498, na Wareno waliishika sehemu kubwa ya pwani hii hadi Ngome ya Yesu ya Mombasa ilipoanguka mwaka 1698. Kwa Kireno, samani hii huitwa mesa. Sikiliza matamshi badala ya kutazama tahajia: s ya Kireno iliyo kati ya irabu mbili hutamkwa z, ndiyo maana tukapata meza; lenço, ambayo ç yake hutamkwa s, imetupa leso; na caixa, ambayo x yake hutamkwa sh, imetupa kasha. Ulinganifu huu wa sauti ndio unaoangusha dai, ambalo husemwa kwa uhakika mkubwa, kwamba meza imeitwa hivyo kwa sababu watu humezea chakula hapo.

Mwisho, andika vidahizo viwili, yaani maneno mawili yanayoorodheshwa peke yake katika kamusi, vyenye namba, meza 1 na meza 2, ukitaja Kireno kwenye nomino tu. Ndege ingepewa kidahizo kimoja chenye maana mbili.