Somo: Kununua nyumba ya makazi nchi ya nje wakati uchumi umeyumba

Anayenunua nyumba ng'ambo katika kipindi kigumu mara nyingi haangushwi na bei ya nyumba. Huangushwa na kukaukiwa fedha taslimu: sarafu imebadilika, riba imepanda, mpangaji kahama, na nyumba haipati mnunuzi haraka. Kwa hiyo swali linalopita katika hatua zote hapa chini ni hili: nyumba hii ikikaa tupu mwaka mzima, utaishikilia bila kulazimika kuiuza?

Hatua ya 1: Je, mgeni anaruhusiwa?

Anza hapa kabla ya kutazama picha hata moja. Kanada ilipiga marufuku wageni wengi kununua nyumba za makazi kuanzia 1 Januari 2023, na katazo limeongezwa hadi 1 Januari 2027. Australia imefunga nyumba zilizokwisha kujengwa kuanzia 1 Aprili 2025 hadi 31 Machi 2027, isipokuwa kwa misamaha michache. Singapore inaruhusu, lakini tangu Aprili 2023 mgeni hulipa ushuru wa ziada wa asilimia 60 ya bei.

Wanaonunua kwa ajili ya kibali cha ukaazi wawe waangalifu zaidi. Ureno iliondoa nyumba katika mpango wake wa viza ya wawekezaji mwaka 2023, na Uhispania ikaufuta wa kwake 3 Aprili 2025. Kibali kikikupa sababu ya kulipa bei ya juu, siku kikifutwa mnunuzi wa baada yako hatakuwa na sababu hiyo.

Uliza pia kanuni za fedha pande zote mbili: kiasi gani unaruhusiwa kutoa kwenu, na masharti gani yapo ya kurudisha pango na fedha za mauzo.

Hatua ya 2: Hesabu faida halisi

Tangazo husema "faida asilimia 6". Chukua nyumba ya 200,000 inayopangishwa 1,000 kwa mwezi, yaani 12,000 kwa mwaka. Asilimia 6 ni hiyo. Sasa ondoa:

- mwezi mmoja bila mpangaji: 1,000
- wakala wa usimamizi, asilimia 10 ya 11,000 zilizokusanywa: 1,100
- ada ya huduma za jengo: 1,800
- bima: 300
- kodi ya jengo: 600
- matengenezo, asilimia 1 ya bei: 2,000

Jumla ni 6,800, zinabaki 5,200. Nyumba nayo haikukugharimu 200,000 tu. Ukiweka asilimia 8 za ushuru, wakili na usajili, umetoa 216,000. Faida halisi ni asilimia 2.4, na kodi ya mapato bado. Kosa la kawaida hapa ni kuisahau ada ya jengo, ambayo hupanda hata pango likishuka. Omba taarifa za ada za miaka 3 iliyopita na kumbukumbu za vikao vya wamiliki. Ndimo utakamokuta paa linalosubiri kubadilishwa au lifti iliyokufa.

Hatua ya 3: Itikise hesabu hiyo

Tuseme umekopa 120,000 na unalipa riba tu. Kwa asilimia 3 ni 3,600 kwa mwaka, unabaki na 1,600. Kwa asilimia 6 ni 7,200, na unatoa 2,000 mfukoni kila mwaka ingawa mpangaji yumo. Riba kupanda hivyo si jambo la kufikirika: kiwango cha Benki Kuu ya Uingereza kilitoka asilimia 0.1 mwanzoni mwa Desemba 2021 hadi 5.25 Agosti 2023.

Kisha sarafu. Fedha unayolipwa ikipoteza asilimia 20 ya thamani mbele ya sarafu ya deni, deni lilelile litakugharimu asilimia 25 zaidi. Kilichokuwa 100 kimekuwa 125. Wengi hukosea hapo wakaweka akiba pungufu.

Mwisho, nyumba tupu mwaka mzima: ada, bima na kodi 2,700, riba 7,200, matengenezo 2,000. Ni 11,900. Kiasi hicho kiwe benki, katika sarafu ya nchi ya nyumba, kabla hujasaini. Kama hakipo, tafuta nyumba ya bei ndogo zaidi.

Hatua ya 4: Upekuzi

Ajiri wakili wako mwenyewe, asiyeletwa na dalali wala muuzaji. Achukue nakala mpya ya hati kwenye daftari la ardhi, si ile aliyonayo muuzaji, na aangalie mambo manne: jina la mmiliki, rehani, zuio la mahakama, na aina ya umiliki. Uingereza fleti nyingi ni za umiliki wa muda maalumu; miaka iliyobaki ikishuka chini ya 80, benki nyingi husita kukopesha, na mnunuzi wako naye atakwama. Upekuzi urudiwe siku ya kusaini, maana rehani mpya inaweza kuandikwa katikati.

Hatua ya 5: Malipo

Matapeli huingilia barua pepe kati ya wakili na mteja, wakatuma "akaunti mpya" siku chache kabla ya malipo. Namba ya akaunti ithibitishwe kwa simu, kwa namba uliyoipata mwanzo, na utume kiasi kidogo kwanza. Hifadhi ushahidi wa chanzo cha fedha na kila hati ya benki. Bila hizo, kurudisha fedha baadaye huwa kazi nzito.

Hatua ya 6: Kodi ya pande mbili

Uingereza, asilimia 20 ya pango la mmiliki anayeishi nje hukatwa na wakala au mpangaji, hadi mamlaka ya kodi ikubali ombi lake la kupokea bila kukatwa. Marekani, mgeni akiuza, kwa kawaida mnunuzi huzuia asilimia 15 ya bei nzima, si ya faida. Angalia kama nchi yenu na nchi ya nyumba zina mkataba wa kuepuka kutozwa kodi mara mbili.

Maswali ya wanachama

Swali: Shukrani kwa somo, mwalimu. Bei zimeshuka ninakolenga. Nisubiri zishuke zaidi?

Jibu: Ndugu, chini kabisa huonekana baada ya kupita. Angalia pango badala ya bei. Bei ikishuka na pango likasimama, faida yako inapanda. Vikishuka vyote, watu wanahama au ajira zimeondoka, na urahisi huo una sababu yake. Pia toa ofa kwa bei ambazo nyumba za jirani zimeuzwa kweli; bei za matangazo huchelewa kushuka.

Swali: Nyumba ambayo bado iko kwenye ramani ina bei nafuu. Kuna ubaya?

Jibu: Ubaya ni mjenzi kuishiwa fedha, na hilo hutokea zaidi uchumi ukiyumba. Dubai, Sheria Na. 8 ya 2007 inataka malipo yaingie akaunti ya dhamana ya mradi husika, ambayo fedha zake hutumika kwa ujenzi wa mradi huo tu. Popote ununuapo, dai mpangilio huo, lipa kwa kufuata hatua za ujenzi zilizothibitishwa na mhandisi, na mkataba utaje tarehe ambayo ikipita unarudishiwa fedha.

Swali: Nikope kwa sarafu yenye riba ndogo?

Jibu: Kopa kwa sarafu ambayo pango linaingia. Wapoland wengi walikopa faranga za Uswisi kwa riba ndogo huku wakilipwa zloti. Tarehe 15 Januari 2015 benki kuu ya Uswisi iliondoa kikomo cha faranga 1.20 kwa yuro kilichoizuia faranga kupanda thamani, faranga ikapaa siku hiyohiyo, na deni likapanda nayo.

Swali: Mwalimu, muuzaji ananihakikishia pango la asilimia 8 kwa miaka 2. Si usalama huo?

Jibu: Kwa nyumba ya 200,000 hiyo ni 32,000. Tafuta nyumba ya aina hiyohiyo, jengo la jirani, isiyo na ahadi. Ikiuzwa 170,000, unarudishiwa fedha zako mwenyewe kidogokidogo, na mwaka wa tatu pango litashuka hadi la soko.

Swali: Nikifariki, watoto watapata?

Jibu: Sheria ya nchi ya nyumba ndiyo mara nyingi huamua. Ufaransa hutenga fungu la watoto ambalo wosia haulivunji kirahisi. Marekani, mgeni asiye mkaazi ana msamaha wa kawaida wa dola 60,000 tu. Zaidi ya hapo kodi ya mirathi hufika asilimia 40. Andika wosia wa nchi ile kwa ajili ya nyumba hiyo pekee, na wakili wake ahakikishe haufuti ule wa nyumbani.