Somo: Nusu kaputi ya mshipani na sukari ya mgonjwa wa kisukari

Wadau, somo hili ni la wauguzi na wanafunzi wa usingizi, ila mwenye ndugu anayesubiri upasuaji naye asome tu. Sukari ikipanda thieta, dawa ya usingizi ndiyo hutupiwa lawama. Mwenye kesi kubwa ni kisu. Mwili ukikatwa hutoa homoni za adrenalini, kotisoli na glukagoni, ini linamwaga sukari kwenye damu, na insulini inazidiwa.

Hatua ya 1: Maandalizi. Mgonjwa huyu awe wa kwanza asubuhi, asishinde na njaa. Dapagliflozini na empagliflozini, vidonge vya kisukari, zisimame siku 3 kabla, maana zinaweza kujaza damu asidi ya ketoni hata glukomita (kipimo cha sukari cha kidole) ikisoma vizuri. Mwenye kisukari cha aina ya 1 haachishwi insulini yote. Dozi ipangwe na daktari wake.

Hatua ya 2: Pima kabla ya kumlaza. Tunataka 6 hadi 10 mmol/L. Kifaa chako kikisoma mg/dL, gawanya kwa 18.

Hatua ya 3: Chagua dawa. Propofoli haina tabu na sukari, na ikienda kwa pampu pamoja na opioidi (dawa kali ya maumivu) hutuliza ule mshtuko wa kisu. Ketamini huamsha adrenalini, kwa hiyo inaweza kupandisha kidogo. Mimi siikatai kwa sababu hiyo: anayevuja damu anahitaji presha kwanza, na hospitali nyingi za wilaya ndiyo iliyopo. Etomidati hubana utengenezaji wa kotisoli, sukari ikatulia. Usishangilie. Dozi moja tu yaweza kuzilaza tezi za adrenali zinazotoa kotisoli karibu siku nzima, na mwenye maambukizi makali anazihitaji.

Hatua ya 4: Pima kila saa. Hapa ndipo penye hatari yenyewe: sukari kushuka. Aliyelala hatakuambia anatetemeka wala haoni vizuri. Mapigo yakienda mbio utadhani ni maumivu, utaongeza dawa. Chini ya 4, mpe dekstrosi (maji ya sukari) mshipani na upime tena baada ya dakika 15.

MASWALI

Dokta, na deksamethasoni ya kuzuia kutapika?
Inapandisha, tena saa kadhaa baadaye, mgonjwa akiwa wodini. Iandike kwenye makabidhiano, zamu ya usiku ijue.

Shikamoo mwalimu. Ule weupe wa propofoli ni sukari?
Marahaba. Hapana, ni mafuta ya soya, kama kilokalori 1.1 kwa mililita. Kwa upasuaji wa saa moja usijali. ICU, wodi ya mahututi, anakopewa siku nzima, yahesabiwe kwenye lishe.

Kidole kikiwa baridi, presha iko chini, niamini glukomita?
Usiiamini sana. Chukua damu ya mshipa ipelekwe maabara, na usiitoe kwenye mkono wenye dripu ya dekstrosi. Utasoma 25 umpe insulini, kumbe ulipima dripu.