Kupaka Rangi Njia, Ngazi na Sakafu za Mbao za Nje ili Idumu

Rangi ya njia au ngazi ikibanduka, okota gamba moja uligeuze. Mara nyingi utakuta unga wa saruji umeng'ang'ania nyuma yake, maana yake rangi ilishika barabara, ila kilichoachia ni lile tabaka dhaifu la juu ya zege ambalo halikuondolewa. Ndiyo maana nasisitiza kwamba sehemu kubwa ya kazi hii hufanywa kabla kopo halijafunguliwa.

Zege jipya liachwe siku 28 likomae. La zamani lisuguliwe kwa brashi ngumu na sabuni mpaka ukoga na mafuta vitoke, na ile chumvi nyeupe ikwanguliwe ikiwa kavu, kwani ni dalili ya maji yanayopita ndani ya zege. Kisha dondoshea maji: yakinywewa upesi, uso uko tayari, yakibaki matone yaliyosimama, itabidi uukwaruze kwa mashine au uuoshe kwa tindikali iliyozimuliwa. Anayetumia tindikali avae glavu na miwani, amimine tindikali katika maji wala asimimine maji katika tindikali, kisha asuuze mara kadhaa.

Zege likionekana kavu, usiliamini bado. Bandika kipande cha nailoni cha nusu mita, ukizibe kingo zote nne, ukiache kutwa na kucha. Ukikuta matone chini yake, au zege limekoza rangi, subiri, kwa sababu unyevu huo ndio utakaoisukuma rangi kutoka chini.

Tumia rangi iliyotengenezwa kwa sakafu za nje, kwani ya ukutani haihimili nyayo. Epoksi, yaani rangi ya kuchanganya sehemu mbili, ni ngumu sana, lakini jua huipausha na kuifanya itoe unga, hivyo nje ifunikwe kwa rangi ya poliyurethani inayostahimili jua. Paka umande ukishakauka na jua halijawa kali, kwa kuwa juu ya zege la moto rangi hukauka usoni kabla ya ndani ikafanya malengelenge. Mikono miwili myembamba, yaani matabaka mawili, ni bora kuliko mmoja mzito.

Kwenye ngazi, paka kidato kimoja uruke kimoja, ili watu waendelee kupita, na vilivyobaki uvipake vya kwanza vikishakauka. Mkono wa kwanza ukiwa bado mbichi, nyunyizia mchanga safi, mkavu, wa chembe ndogo. Ukikauka, fagia uliolegea ndipo upake wa pili. Tafadhali usiiache hatua hii, kwani rangi laini ikilowa mvua huteleza vibaya.

Mbao zina tabia nyingine. Hutanuka na kusinyaa, hivyo rangi inayofanya utando juu yake hupasuka, maji yakaingia na kunaswa humo, na ubao ukaanza kuoza bila kuonekana. Mimi napendelea mafuta ya mbao yanayozama, yenye rangi ndani yake. Piga msasa namba 60 au 80, usizidishe ulaini, kwani ubao laini mno haunywi vizuri. Ncha zilizokatwa, ambazo hufyonza maji kuliko sehemu nyingine, zipakwe mara mbili, na mafuta yasiyozama yafutwe. Vitambaa vya kufutia visirundikwe, kwani vinaweza kujiwasha vyenyewe. Vitandazwe nje kimoja kimoja mpaka vikauke.