Kikundi cha kuacha pombe: pale kinapoishia, na la kufanya

Kabla hujamsindikiza ndugu yako kwenye mkutano wa kwanza, mwulize: asubuhi lazima azimue? Mikono inatetemeka hadi glasi inagonga meno? Kama ndivyo, kikundi kisubiri na asiache ghafla akiwa nyumbani. Mpeleke hospitali kwanza.

Mwili uliozoea pombe kila siku ukikatiwa huanza kutetemeka na kutoka jasho ndani ya saa 6 hadi 24. Degedege huweza kuja ndani ya saa 48. Kati ya siku ya 2 na ya 4 mtu anaweza kuweweseka na kuona wadudu ukutani, na hali hiyo inaua. Wanakikundi, hata wawe na miaka 20 bila kuonja, hawana cha kuizuia. Hospitali wana diazepamu, ambayo hupunguzwa siku hadi siku, na vitamini B1, ambayo hutolewa kabla ya dripu ya sukari ili ubongo usidhurike.

Akishatulia, aende kikundini. Alcoholics Anonymous, mtandao wa vikundi vya kuacha pombe ulioanzia Akron, Marekani, mwaka 1935, hautozi ada, na kwa wengi unafaa kweli. Shida huanza wanachama wanapogeuka madaktari. "Kidonge ni ulevi mwingine," atasikia. Asiache dawa kwa neno hilo. Naltreksoni, kwa kawaida miligramu 50 kwa siku, hupunguza hamu; ila anayetumia tramadoli au mofini asiimeze, itamtia arosto. Disulfiramu, dawa inayomfanya mtu augue akinywa pombe, huanzwa angalau saa 12 baada ya tone la mwisho, naye akijua anachomeza. Kuna familia humtilia mtu dawa hiyo kwenye uji kwa siri: akinywa bia, presha inaweza kushuka hadi azimie.

Siri nayo ina mpaka. Wanakikundi wanaahidiana kutosema, lakini hawabanwi na maadili ya kazi kama daktari. Kama mtaa ni mdogo, achague mkutano wa mbali, hata kwa nauli ya daladala mbili. Mdhamini, yaani mwanachama mzoefu anayemwongoza, awe wa jinsia yake, na wasikopeshane.

Huzuni isiyoisha wiki mbili baada ya kuacha, au mawazo ya kujiua, ni ya daktari. Mawazo hayo hayasubiri mkutano wa Alhamisi.

Akiteleza, siku zake za kutokunywa zinahesabiwa upya kuanzia moja, na aibu hiyo ndiyo humfanya akimbie kikundi. Kubalianeni mapema atampigia nani usiku huo. Akiwa Kenya, namba 1192 ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ni bure.