SOMO: Emoji za herufi za Kijapani, maana zake na jinsi ya kuzitumia

Wiki hii pekee nimeulizwa mara sita "hiki kiboksi chekundu maana yake nini?" Naandika mara moja. Atakayeuliza tena, mtumieni hili.

1. Fungua kibodi, gusa emoji, shuka hadi kundi la alama, karibu na mwisho.

2. Kila kiboksi ni neno. 🈚 bure. 🈶 ya kulipia. 🈹 punguzo. 🉐 bei nafuu. 🈺 tumefungua. 🈲 marufuku. 🈴 amefaulu. 🈸 maombi. 🈁 hapa.

3. 🈳 na 🈵. Hapa tulieni, maana hapa niliharibu. Nina vyumba vya wageni Mikindani. Niliandika tangazo, "Vyumba vipo", nikapanga 🈵🈵🈵 kwa sababu wekundu wake unavuta macho. Dereva wa bodaboda akamrushia mgeni wa Kijapani aliyekuja kuangalia majengo ya kale. Kiswahili hakijui, akasoma alichokijua: PAMEJAA, PAMEJAA, PAMEJAA. Akapitiliza kulala Mtwara mjini. Kesho yake tukakutana ufukweni, akanionyesha kwa kidole kwenye simu yangu mwenyewe. Vyumba vinne vilikuwa vitupu usiku ule, na iliniuma.

Tofauti aliyonifundisha: 🈵 ina vijistari vitatu upande wa kushoto, ni matone ya maji, chombo kimejaa. 🈳 ina kama paa juu na chini yake kitu kama herufi I yenye kofia na kiatu. Hiyo ndiyo "nafasi ipo". USIANGALIE RANGI. Kuza maandishi uone mistari.

4. ㊗️ ni hongera, ㊙️ ni siri. Zote duara jekundu. Ya hongera, kulia ina kisanduku chenye miguu miwili. Kwenye kundi la harusi ukikosea, umewaandikia maharusi "siri".

5. Andika na neno la Kiswahili pembeni, kila mara.

MASWALI

Mwanachama, Masasi: Mkuu, 🈹 ni nini?
Jibu: Hatua ya 2.

Mwanachama, Lindi: Mimi naweka kupendezesha tu. Huku kwetu nani anajua Kijapani?
Jibu: Yule mgeni alikuwa Mikindani hapahapa, na fedha ya chumba niliikosa mimi. Ukitaka pambo, maua yapo tele.

Mwanachama, Kilwa Masoko: Shikamoo kaka. Zilifikaje kwenye simu zetu, wakati hatusomi Kijapani?
Jibu: Marahaba mdogo wangu, swali zuri sana. Emoji zenyewe asili yake ni simu za Japani. Mwaka 1999 kampuni ya NTT Docomo ilitoa seti ya picha 176 zilizochorwa na Shigetaka Kurita. Wajapani walizoea kuona herufi hizo moja moja kwenye mabango ya maduka na hoteli, wakaziingiza na kwenye simu. Mwaka 2010 Unicode, mfumo unaofanya simu zote zisomane, ulipopokea emoji, ukazipokea na hizi. Hata neno lenyewe ni lao: "e" ni picha, "moji" ni herufi.

Mwalimu, Newala: Na 💮?
Jibu: Hiyo ni yako, mwalimu. Walimu wa Japani huwagongea watoto ua hilo kwenye daftari wakifanya vizuri.

Mwanachama, Mtwara: Nje ya mada kidogo. Gari nililoagiza lilikuja na stika kama 🔰 kwenye buti. Nibandue?
Jibu: Ni alama ya dereva mpya, ipo tangu 1972. Kule, mwenye leseni ya chini ya mwaka mmoja lazima aibandike mbele na nyuma ili wengine wampe nafasi.
Mwanachama, Mtwara: Basi naiacha, kijana wangu ndiyo anaanza kujifunza.
Jibu: Mwachie, ila bandika na L. Barabarani kwetu inayojulikana ni L.